Bonyeza Moja, Bonyeza Mbili: Mtu Yu Wapi?

Mchuuzi wa dagaa katika mwalo wa Kirumba hana saa nyingi za kupoteza. Mzigo ukishafika alfajiri kutoka visiwani, hapana budi aulipie, aupakie na kuusafirisha kabla jua halijapanda. Siku hizi halipi kwa noti zilizofungwa katika pindo la kanga, bali hulipa kwa simu. Huandika namba ya mwenye mtumbwi aliyeko Ukerewe au Kome, huandika kiasi, huandika namba yake ya siri, na fedha zimekwenda. Ni jambo jema, wala hatuna nia ya kulibeza. Lakini tuseme ya kwamba asubuhi moja, kwa sababu ya giza na haraka, kidole kimeandika saba mahali pa nne. Shilingi laki tatu, mtaji wake wa juma zima, zimeangukia mikononi mwa mtu asiyemjua, labda Mbeya, labda Tanga.

Atafanya nini? Atapiga namba 100, ambayo kila mtumiaji wa simu katika Tanzania anaijua kuwa ndiyo namba ya huduma kwa wateja. Sauti laini itampokea. Itamshukuru kwa kuichagua kampuni. Itamweleza habari za ofa mpya ya vifurushi. Kisha itamwambia achague lugha, na baada ya lugha itaanza kumpangia: kwa habari za intaneti bonyeza moja, kwa vifurushi bonyeza mbili, kwa muda wa maongezi bonyeza tatu. Shida yake ama haimo katika orodha ile, ama imo kwa jina asilolitambua. Akibonyeza, inafunguka orodha nyingine. Akikawia kufikiri, sauti inarudia tangu mwanzo, pamoja na ile ofa. Mwishoni, akibahatika kuupata mlango wa kuzungumza na mhudumu, huambiwa ya kwamba wahudumu wote wanawahudumia wateja wengine, naye aendelee kusubiri. Unaanza muziki.

Yafaa msomaji akumbuke ya kwamba muziki ule unapigwa huku yule mtu wa Mbeya naye ana miguu. Kila dakika ipitayo ni nafasi yake ya kutembea mpaka kwa wakala na kuzitoa zile laki tatu. Fedha ikiwa bado imo katika akaunti ya aliyeipokea, kampuni yaweza kuizuia na kulichunguza jambo. Ikishatolewa ikawa noti mfukoni, kuirudisha ni kazi ya kubembeleza au ya polisi. Kwa hiyo mchuuzi wetu hasumbuliwi na uvivu wa kusubiri. Anashindana mbio na mtu, naye amefungwa miguu.

Twaandika habari hii kwa sababu wako wanaoidhania kuwa ni kero ndogo ya watu wenye nafasi. Sivyo. Huduma ya kutuma fedha kwa simu iliingia nchini mwaka 2008, M-Pesa ilipoletwa kutoka Kenya ambako ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima, na katika Mkoa wa Mwanza peke yake watu 3,699,872. Kufika mwisho wa mwaka 2024, akaunti za fedha kwa simu zilikuwa zimepita milioni 60. Ada ya shule, kodi ya chumba Mabatini, dawa za mgonjwa aliyelazwa Bugando, mchango wa msiba Sengerema, yote hupita humo. Hii ndiyo benki ya kabwela. Mwenye fedha nyingi ana meneja wa benki amjuaye kwa jina, na simu ya meneja huyo anayo. Kabwela ana namba 100.

Tena, tuangalie jinsi mambo yalivyopangwa upande mmoja. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020. Ilimbidi mwananchi aende mwenyewe, akiwa na kitambulisho chake cha taifa, aweke kidole juu ya kioo mbele ya wakala. Tuliitika, maana jambo lile lilikuwa na sababu zake. Kampuni sasa inamjua mteja kwa jina, kwa namba ya kitambulisho, na hata kwa mistari ya ngozi ya kidole chake. Lakini mteja akitaka kumjua mtu mmoja tu wa upande wa pili, amwambie, "Ndugu, nimepatwa na shida," hampati.

Umeme nao ni vivyo hivyo. Twaununua kwa LUKU, yaani tokeni ya tarakimu 20 inayoingizwa katika mita. Mei 2021 mfumo wa kuuza tokeni hizo ulipata hitilafu iliyodumu siku kadhaa, hata Waziri wa Nishati wa wakati huo akaagiza maofisa waliohusika wasimamishwe kazi. Kwa siku zile watu waliziacha simu zao wakaenda kupanga foleni kwenye ofisi za TANESCO ili wauziwe umeme kwa mkono wa karani. Walikuwa na hasira, na haki yao. Hata hivyo walikuwa na mahali pa kwenda, na penye dirisha palikuwa na uso wa mtu. Yatupasa tulifikirie hilo kabla hatujayaziba madirisha yote. Shirika hilo sasa lina namba 180, ambayo mteja huipiga bila kulipa, nalo limefanya vema kuiweka. Lakini namba ya bure yenye kusubirisha haiwi bure kwa fundi anayelipwa kwa siku. Saa moja aliyosimama kando ya ukuta ameshika simu sikioni, matofali hayakupangwa.

Wengi hudhani ya kwamba mashine ya simu iliwekwa na matajiri ili kuwakwepa watu wadogo. Asili yake ni kinyume kabisa. Katika mji wa Kansas City, Marekani, miaka zaidi ya 130 iliyopita, palikuwa na bwana mmoja aliyeitwa Almon Strowger, ambaye biashara yake ilikuwa kuandaa mazishi. Zamani hizo simu haikupigwa na mtu mwenyewe. Uliunyanyua mkono wa simu, opereta akakuuliza unamtaka nani, kisha akachomeka waya mahali pake. Yasimuliwa ya kwamba opereta wa mji ule alikuwa mke wa mshindani wa Strowger katika biashara ile ile ya mazishi, na kila waliofiwa walipoomba kuunganishwa na Strowger, mama yule aliwaunganisha na mumewe. Strowger akaona maiti zote za mji zazikwa na mwenzake. Kwa uchungu akabuni mtambo wa kuunganisha simu pasipo opereta, akapewa hataza yake mwaka 1891, na mwaka uliofuata ukafungwa katika mji wa La Porte, jimbo la Indiana.

Basi mashine iliingia katika simu ili kumwondoa mtu asiye mwaminifu. Hili tulikumbuke kila tunapojaribiwa kusema ya kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Wazee wetu waliopiga simu kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam siku za shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, wanakumbuka jinsi ilivyokuwa: kuagiza simu asubuhi, kuketi juu ya benchi la posta, na kuitwa alasiri, au kuambiwa urudi kesho. Opereta alikuwa bwana mkubwa. Aliyemjua opereta alipata laini, na asiyemjua alipata benchi. Mashine haikuuliza jina la baba yako wala kabila lako. Kwa hiyo hatuililii swichibodi.

Baada ya Strowger mambo yalikwenda mbio. Novemba 1963 kampuni ya Bell ya Marekani ilianza kuuza simu ya vitufe mahali pa ile ya kuzungusha, na mwaka 1968 vikaongezwa vitufe viwili, nyota na ile alama ambayo Watanzania tumeibatiza jina la reli. Leo bibi wa Magu asiyejua kusoma gazeti ajua kusema "nyota mia na hamsini nyota" mpaka amefika kwenye reli. Vitufe vile ndivyo vilivyoiwezesha mashine kumsikiliza mtu, kwa maana kila kitufe kina mlio wake. Tangu hapo ikawezekana kompyuta ikae mlangoni na kuwaambia watu wabonyeze hiki na kile. Ilikuwa kazi ya bawabu. Baadaye bawabu akageuzwa kuwa ofisi nzima.

Sasa twauliza: kwa nini hatumpati mtu? Jibu liko katika hesabu, nalo lilikwisha kujulikana kitambo. Mtaalamu mmoja wa hesabu wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, na mwaka 1909 akachapisha maandiko yake ya kwanza juu ya jinsi simu zinavyoingia na jinsi watu wanavyosubiri. Kutokana na kazi yake ikazaliwa elimu nzima ya foleni. Tuseme kuna karani mmoja dirishani, kila mteja humchukua kwa wastani dakika 4, na wateja huja wapendapo bila mpango. Ikiwa karani huyo anafanya kazi asilimia 80 ya muda wake, mteja atasubiri kwa wastani dakika 16. Mwajiri akiona ya kwamba karani anapumzika mno, akamwongezea wateja mpaka awe na kazi asilimia 90, kusubiri kunapanda kufika dakika 36. Akimbana zaidi mpaka asilimia 95, kusubiri ni dakika 76. Wakiwa wahudumu wengi wanaogawana foleni moja, muda huo hupungua sana, lakini ule mwinuko wa mwishoni hauondoki.

Msomaji na aitazame hesabu hiyo mara mbili. Karani aliongezewa kazi ya asilimia 15 tu, na mteja akaongezewa saa nzima. Zile dakika chache ambazo mhudumu ameketi bila simu, ambazo mhasibu huziita hasara, ndizo zinazomwokoa mchuuzi wa Kirumba. Zikifutwa katika daftari la kampuni hazipotei. Huhamia katika siku ya mchuuzi, na huko hakuna mhasibu wa kuziandika. Kwa hiyo sauti inapotangaza ya kwamba "kwa sasa tunapokea simu nyingi kuliko kawaida," na ikawa inatangaza hivyo Jumatatu, na Jumatano, na Ijumaa, na mwezi ujao, basi hiyo ndiyo kawaida, na kuna mtu aliyeketi mezani akaamua iwe hivyo.

Watu wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kufundishwa maana ya foleni. Kwa miaka mingi tulipanga foleni Kigongo tukingoja kivuko cha kwenda Busisi, malori, mabasi, magari ya wagonjwa na mikokoteni pamoja. Ilikuwa taabu kubwa, na daraja lile la karibu kilometa 3 lililofunguliwa Juni 19, 2025 limetuondolea. Hata hivyo foleni ya Kigongo ilikuwa na heshima yake. Uliliona lori lililo mbele yako. Uliweza kuhesabu magari na kujua kama utavuka kwa safari hii au ijayo. Mgonjwa mahututi alipofika, watu walisogea, kwa sababu walimwona kwa macho. Foleni ya simu haina lolote katika hayo. Hujui ni wangapi walio mbele yako. Hujui kama yuko mhudumu mmoja au mia. Anayeuliza bei ya kifurushi na aliyeibiwa akiba ya maisha yake wamesimama bega kwa bega gizani, wala hakuna awezaye kusema, "Jamani, mpisheni huyu."

Mwandishi wa makala haya aliipigia kampuni moja, ambayo jina lake tunaliacha, kuuliza habari za makato asiyoyaelewa. Alisubiri dakika 27 kwa saa ya ukutani. Alipopokewa, kijana wa upande wa pili alikuwa mpole, akalielewa jambo kwa dakika mbili, akasema ya kwamba si kazi ya idara yake, akaihamisha simu, na simu ikakatika. Safari ya pili ilianza tena na ile ofa.

Liko jambo moja katika habari hii ambalo hatujasikia likisemwa vya kutosha. Wakati kampuni imejificha nyuma ya mashine, mwizi amejitokeza mwenyewe. Nani katika nchi hii hajapigiwa na mtu anayejitambulisha kuwa mhudumu wa kituo cha huduma kwa wateja? Ana sauti ya adabu. Ana subira. Anakuita kwa jina lako kamili. Anakueleza ya kwamba umetumiwa fedha kwa makosa, au laini yako inakaribia kufungwa, naye yuko tayari kukusaidia hatua kwa hatua, mradi ubonyeze anavyokuelekeza. Mwizi huyu hakuwekei muziki. Watu wengi huwalaumu walioibiwa kwa ujinga wao. Sisi twaona ya kwamba sehemu ya lawama ina mahali pengine pa kwenda. Mtu aliyezoea kuisikia sauti ya kampuni yake, akaijua kama amjuavyo karani wa posta ya Nansio, asingedanganywa upesi na sauti ngeni. Lakini mwananchi ambaye hajapata hata siku moja kuzungumza na mhudumu wa kweli atamtambuaje wa uongo? Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa matapeli, na kila mmoja wetu yampasa aitumie. Ila ni dawa ya tawi. Mzizi uko pale ambapo sauti ya mtu imekuwa bidhaa adimu, na kila bidhaa adimu ina walanguzi wake.

Hali kadhalika lugha. Mashine husema Kiswahili na Kiingereza. Mzee wa Ukara aliyekulia katika Kikara, au bibi wa Kwimba ambaye Kisukuma ndicho kinywa chake, huifuata ile orodha kwa shida, na akichelewa kuchagua mashine humwona hayupo. Karani wa kweli akimsikia bibi anakwama, humwita mwenzake aliye karibu: "Njoo umsikilize mama huyu." Kwa kitendo hicho kidogo, ambacho hakiko katika kanuni yoyote, shida inakwisha. Hatujaona bado orodha yenye kitufe cha jambo hilo.

Historia ya Usukuma inatupa kipimo kizuri. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba walilalamika ya kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Mkulima alileta gunia alilolipalilia kwa miezi, sindano ya mizani ikasema neno lake, na hapo shauri likafungwa. Hakuna mkulima aliyedai mizani zitupwe ziwani na pamba ikadiriwe kwa macho. Walichodai ni kwamba penye mizani asimame mtu wao, mwenye kuisoma sindano, anayeweza kuulizwa na kujibu. Wakaanza kuwaweka watu wa namna hiyo. Katika harakati hizo ndimo vilimokua vyama vya ushirika, mpaka mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake, na ambayo ilikuja kuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa katika Afrika. Jengo kubwa kama hilo liliinuliwa juu ya dai dogo: penye mashine awepo mtu.

Na tusiwasahau wale walioko ndani. Vijana wanaopokea simu ni wafanyakazi, na kazi yao si ya kivulini kama inavyodhaniwa. Huketi zamu nzima wakiwa na vipokea sauti masikioni, na juu ya kioo cha kompyuta kuna saa inayohesabu kila simu imechukua sekunde ngapi. Akimaliza mmoja, wa pili ameshaingia. Kila anayeingia amekwisha kusubiri, kwa hiyo anaingia na hasira, na hasira ile haimpati aliyeamua idadi ya wahudumu, bali humpata binti wa miaka 22 ambaye hata uwezo wa kuirudisha shilingi moja hakupewa. Amepewa maneno ya kusoma. Mara nyingi yeye naye amegeuzwa mashine, isipokuwa mashine haichoki. Mwananchi mwenye kero na azingatie hilo kabla hajatukana, na vyama vya wafanyakazi navyo viulize zamu zile zinapangwaje.

Twaambiwa sasa ya kwamba dawa imekuja, nayo ni akili mnemba, kompyuta inayojibu kwa maneno yake yenyewe kama mtu. Huenda ikasaidia. Lakini yaliyokwisha kutokea kwingine yatufaa. Mwaka 2022 abiria mmoja aliyefiwa na bibi yake aliiuliza kompyuta ya shirika la ndege la Air Canada habari za nauli nafuu ya msiba. Kompyuta ikamjibu ya kwamba asafiri tu, kisha aombe punguzo baadaye. Aliposafiri na kuomba, shirika likamkatalia, likisema kanuni yake haiko hivyo. Shauri lilipofika barazani, shirika likajitetea kwa hoja ya ajabu, kana kwamba kompyuta ile ni mtu mbali, mwenye kujitwalia jukumu la matendo yake. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia liliikataa hoja hiyo, na shirika likaamriwa kumlipa abiria. Mwezi huo huo kampuni ya fedha ya Klarna ya Sweden ilitangaza ya kwamba kompyuta yake inafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata mkuu wa kampuni hiyo hiyo alisema wataajiri tena watu, ili mteja atakaye kuzungumza na mtu asimkose.

Kwa hiyo tunachokitaka ni kidogo, wala si kigeni. Agosti 2024 serikali ya Marekani chini ya Rais Biden ilitangaza nia ya kuzibana kampuni ili mteja amfikie mtu kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kwetu inawezekana kuliko kwao, maana kampuni zetu za simu hazizidi vidole vya mikono miwili, na tayari tumekwisha kuzifanya zote zitumie namba moja ya 100. Orodha na ianze na mlango wa mtu, isiishie nao. Fedha iliyopotea iwe na mlango wake peke yake, ulio mbele ya vifurushi na ofa, kama gari la wagonjwa lilivyopishwa Kigongo. Anayesubiri aambiwe wangapi wako mbele yake. Kila aliyelalamika apewe namba ya malalamiko, simu ikikatika asianze upya. Na kila robo ya mwaka kampuni itangaze magazetini wateja wake walisubiri dakika ngapi. Ikiona aibu kuitangaza hesabu hiyo, itajua la kufanya.

Serikali inazo nyenzo. TCRA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na pamoja nayo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kuwasemea watumiaji. Benki Kuu ilitoa mwaka 2019 kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Nyenzo hizo hufanya kazi pale zinapoletewa mashauri yenye ushahidi, na hapa ndipo wananchi wengi hushindwa, kwa sababu kero ya simu haiachi karatasi. Basi mwenye kupatwa na jambo na ajitengenezee karatasi yake. Aandike tarehe na saa aliyopiga, dakika alizosubiri, jina la mhudumu kama alilisema, na ile namba ya muamala iliyomo katika ujumbe wa simu, ambao asiufute hata kama umemchefua. Kampuni iandikiwe kwanza, nakala iwekwe. Isipojibu, TCRA ina ofisi yake ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, na Benki Kuu ina tawi lake hapa. Wachuuzi wa mwalo mmoja wakikusanya karatasi zao thelathini na kumtuma katibu wao azipeleke kwa mkono, zitapokewa na mtu, naye atatia sahihi ya kwamba amezipokea.